Chombo Kilichokataa Maji

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Gari moshi la kwanza lilipoingia Dodoma likipiga mluzi, watu wazima walikimbilia porini wakaacha makubazi yao njiani. Mimi nilisimama palepale nikala karanga zangu mpaka zikaisha. Nimeona nzige wakishuka juu ya shamba la uwele na kuliacha kama kichwa kilichonyolewa. Nimemwona bwana mmoja wa Kidachi akimvalisha mbwa wake koti wakati wapagazi wake wanatetemeka kwa baridi. Yote hayo niliyatazama, nikaendelea na shughuli zangu.

Na mtu asidhani ninajisemea tu. Nilianza na ngozi mbili za mbuzi nilizobeba kichwani kutoka Ihumwa. Leo nina duka la kuezekwa kwa bati, nina ghala la ngozi mkabala na stesheni, na Wahindi wenyewe hutuma vijana wao asubuhi waje waniulize bei imeamkaje. Shule yangu ilikuwa ya miezi michache kwa mwalimu wa misheni. Nikazijua herufi, nikaona zinatosha. Mengine nilifundishwa na watu walionidanganya, na hao walikuwa walimu wazuri kuliko yule wa misheni.

Kitu kimoja tu sikuwa nacho, nacho hakipimwi kwenye mizani yangu. Sikuwa na mtu nyuma yangu. Mama yangu ni Mgogo wa Ihumwa, na ndugu zake nawajua mpaka waliokufa. Lakini upande wa baba palikuwa peupe, ila jina la Bahi alikozaliwa. Baba alikuwa seremala wa kuzungukazunguka kwenye njia ya misafara, akitengeneza milango na vigoda, na alifariki nikiwa bado naangua ndege kwa manati. Kitu alichoniachia ni maneno. Siku moja tumekaa nje ya tembe, mama anakaanga mbegu za boga, baba akachukua mbegu moja akaiweka juu ya goti lake.

"Hili ndilo umbo lake," akasema. "Babu yako alikuwa anabuni vyombo vya majini. Akishamaliza kuwaza, chombo kimekwisha. Kilichobaki ni jasho."

"Vyombo vikubwa?"

"Ng'ombe anaingia na pembe zake."

Kisha akaila ile mbegu. Mimi sikuwahi kuona maji mengi kuliko yale ya dimbwi la kunyweshea mifugo. Lakini tangu siku hiyo kila nikishika mbegu ya boga naigeuza kwanza, natazama pale ilipochongoka na pale ilipotuna, ndipo naila. Mke wangu alidhani natafuta funza.

Basi, miaka ikapita, nikawa na mali. Ndipo yakaanza kupita pale stesheni makasha ya ajabu. Gari moshi lilikuwa likisimama Dodoma kuchukua maji, na nyuma mabehewa yamejaa makasha ya mbao mpaka juu, kila moja limepigwa rangi na namba. Kuna mtani wangu mmoja, Mnyamwezi, msimamizi wa vibarua wa kupakia mizigo. Wasiojua mambo ya utani wajue kwamba Mnyamwezi ananitukana mimi Mgogo mbele za watu, nami namtukana, na atakayekasirika ndiye mwenye makosa. Nikamuuliza:

"Mtani, humo mna nini?"

"Mna meli."

"Nenda kamdanganye shemeji yako."

"Meli nakwambia! Wameitengeneza kwao Udachi, wakaibomoa, kila kipande kina namba yake. Inakwenda kuunganishwa huko ziwani. Lakini wewe Mgogo meli utaijulia wapi? Nyinyi hata maji ya kuoga mnayaona kwa mwaka mara moja, tena mnayaamkia shikamoo."

Vibarua wakacheka, nami nikacheka. Halafu sijui nini kilinipata. Pengine ni zile namba kwenye makasha, kuona kwamba mtu fulani alikaa akawaza kitu chote hicho kichwani kabla hakijakuwapo. Nikasema, "Babu yangu alikuwa na kazi hiyohiyo. Kubuni vyombo."

Mtani akanigeukia.

"Babu yako yupi? Wa hapa Ugogo?"

"Mzaa baba. Alikaa Bahi."

"Vyombo vya kuelea juu ya nini, mtani? Juu ya vumbi?"

Mmoja akacheka mpaka akakaa chini juu ya kasha. Yule mtani akavua kofia yake, akainama kama mbele ya bwana mkubwa wa Boma. "Jamani, mpisheni! Nahodha wa Vumbi anapita!"

Jina likanasa. Kabla ya juma kwisha, akina mama wauza chumvi sokoni wananiita Nahodha wa Vumbi. Askari wa Boma ananiita. Mtoto wa jirani, ambaye namlisha sukari guru bure, ananiita. Mimi, mtu wa duka la bati! Lakini utani hauna kesi, nikaendelea kuuza. Kilichoniuma kilikuja baadaye, siku mtani alipopita dukani kununua tumbaku na hakukuwa na mtu wa kumchekea. Akasema taratibu:

"Masihara pembeni, mtani. Kuna chombo hata kimoja alichokifanya huyo mzee? Kilichoonekana na macho ya watu?"

Nilimpimia tumbaku zaidi ya pesa yake, nikakumbuka akiwa ameshafika barabarani.

Nikaanza kutafuta. Niliwauliza wazee waliobeba pembe za ndovu enzi za misafara. Mmoja aliyetokea pwani na kuoa hapa akaniambia jambo lenye maana: zamani sana matajiri wa misafara walikuwa wanakodi mafundi wa vyombo kutoka pwani, wanapandishwa kwa miguu na tezo zao mabegani mpaka Ujiji, wakawachongee majahazi ya kuvuka lile ziwa. Wengi walifika. Wengine waliishia njiani. "Aliyeugua aliachwa," akasema. "Msafara haumsubiri mtu." Nikajua sina budi kwenda Bahi kwa shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ambaye nilimwona mara moja tu, siku ya matanga ya baba.

Nilivaa viatu vyangu vyeusi vya ngozi vilivyoagizwa kutoka Daresalama, maana mtu mwenye mali asiende kwa ndugu kama mkimbizi. Nikashuka stesheni ya Bahi, nikatembea kwenye jua. Njiani nikakuta kisima, na ng'ombe wa mtu wamejazana kwenye hori refu wanakunywa, hawataki kunipisha. Niliwapigia kelele, nikawasukuma kwa bakora, nikachota maji humo kwa kiganja nikasafisha vumbi la viatu vyangu. Halafu nikaendelea.

Shangazi alikuwa ameketi kivulini mwa tembe lake anapepeta mtama. Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," kisha nikaongeza shikamoo ya kimjini. Akanitazama kutoka chini kwenda juu.

"Marahaba. Wewe ni wa kaka yangu. Hilo paji la uso hana mwingine. Na hivyo vitu miguuni ni vya nini? Umekuja kuoa?"

"Nimekuja kuuliza habari za babu, shangazi."

"Baba," akaniita, maana mtoto wa kaka huitwa hivyo, "umechelewa kidogo tu. Amekufa."

Akacheka mpaka ungo ukamwaga. Nikaona kumbe ulimi wangu niliurithi wapi. Alipomaliza kucheka akaanza kusimulia, na mikono yake haikuacha kupepeta.

Babu alikuwa mmoja wa wale mafundi wa pwani. Alikodiwa kwenda ziwani, lakini kidonda cha mguu kikamzidi kwenye mbuga za hapa, msafara ukamwacha kwa baba wa bibi yangu na mapande mawili ya kaniki ya matumizi. Alipona akiwa kiguru. Akaoa, akazaa, akawa anachonga mizinga ya nyuki na vinu. Hakulalamika. Ila jioni, shangazi alisema, aliketi akitazama magharibi, kule msafara wake ulikokwenda, na ukimwita ilibidi umwite tena.

Ukaja mwaka wa mvua nyingi. Bwawa la Bahi likafurika hata ng'ambo isionekane. Babu akajikongoja kwenda kuliona, akarudi anacheka peke yake. Siku ya pili akaufagia uwanja wa kupuria mtama, akachukua majivu ya jikoni na kamba, akaanza kuchora chini. Hakuchora kidogo. Alichora chombo kizima kwa ukubwa wake, mbavu kwa mbavu, kila ubao mahali pake.

"Sisi watoto tulikatazwa kukanyaga," shangazi akasema. "Upepo ukivuruga mstari, anarudia. Bibi yako akaenda kupuria mtama wake kwa jirani, analia kwa aibu. Watu wakimuuliza mumeo ana nini, anasema ana chombo. Kiko wapi? Kiko chini, kimelala."

Kisha akaanza kukata mininga, kupasua, kuchonga, kukunja mbao kwa moto na maji. Msimu ukapita, na mwingine, na mwingine. Chombo kiliposimama, maji yalikuwa yameshaondoka. Bwawa limebaki tope na ndege. Lakini babu hakujali, alijua maji yatarudi. Akawa anakitunza. Kila siku anasindilia pamba katikati ya mbao, anapaka mafuta ya mkia wa kondoo yaliyochanganywa na majivu, kuanzia jua linapotoka mpaka linapozama.

Na mvua ikagoma. Mwaka huo na uliofuata. Hapo, shangazi akasema, wazee wakamjia.

"Walimkuta anapaka. Wakamuuliza, 'Mkwe wetu, unapaka nini?' Akasema, mafuta. 'Ya nini?' Akasema, ili maji yasiingie. Baba, nilikuwepo, nimebeba kibuyu. Wazee walitazamana. Mkubwa wao akasema, 'Nchi nzima inalia maji yaje. Wewe unakaa hapa tangu asubuhi mpaka jioni unayaambia yasiingie?'"

Ungo ulisimama mikononi mwake kwa mara ya kwanza.

"Sasa angewajibu nini? Kwao kule pwani maji ni mengi, mtu anaweza kuyakataa. Hapa kwetu nani amewahi kuyakataa maji? Wakaamua atoboe tundu, mvua ione kwamba haikataliwi. Na aape kwamba hatoliziba akiwa hai."

"Akakubali?"

"Alitoboa mwenyewe. Kijana mmoja alitaka kumsaidia, akampokonya keekee ya kutobolea. Akatoboa chini kabisa, kwenye kifua cha chombo, polepole kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Na kabla mwezi mwingine haujaandama, mvua ikapiga hata kuku wakalala na watu ndani. Wazee wakafurahi, wakamletea mbuzi. Bwawa likajaa mpaka kwenye miguu ya chombo. Maji yakaingia kwa lile tundu taratibu, yakajaa ndani. Baba yangu alikaa pale pembeni anatazama. Mbuzi hakumla."

Nikauliza swali lililonileta. "Shangazi, chombo kilielea?"

"Kielee vipi? Nakwambia kina tundu. Hakuna mtu aliyewahi kukiona kikielea. Na yeye hakuishi sana baada ya hapo."

Nilihisi kama mtu aliyefungua ghala akakuta panya wamemtangulia. Chombo kilikuwepo, basi. Lakini kitu kisichowahi kuelea ni mbao tu zilizopangwa vizuri. Yule mtani wangu angeuliza mara moja: ungejuaje kwamba kisingezama kama kinu? Nami ningejibu nini?

"Na kiliishia wapi?" nikauliza. "Kuni?"

Shangazi akaanza tena kucheka, safari hii akashika tumbo. "Umepita hapo kisimani, sivyo? Hukuwaona ng'ombe wanakunywa?"

Nilirudi pale kisimani nikiwa nakimbia, mimi na tumbo langu na bakora yangu. Ng'ombe walikuwa wameondoka. Hori lilikuwa limebaki na maji kidogo chini, limezama nusu kwenye tope lililokauka, na mbele limechongoka, na katikati limetuna, na nyuma likabana tena. Mbegu ya boga. Ng'ombe anaingia na pembe zake. Niliinama nikaona vichwa vya misumari ya mbao vimepangwa kwa nafasi zilezile, upande huu na upande ule, kama meno ya mtu mwenye afya. Niliweka kiganja juu ya ubao pale ulipopinda. Palikuwa laini. Ndimi za ng'ombe zilikuwa zimepalainisha kwa miaka yote hiyo, na chini ya ndimi za ng'ombe ulikuwepo mkono wake. Nami humo ndimo nilimoosha viatu.

Mwenye kisima alikuwa mfugaji wa rika langu, mrefu, mpole, mwenye maneno machache ya kukera. Baba yake ndiye aliyeukokota ule mzoga wa chombo mpaka kisimani, akaliziba tundu kwa kigingi. Wazee waliruhusu. Kukaa juu ya maji ndiko kuyakataa, walisema. Kuyaweka ndani ni kuyakaribisha.

"Nakinunua," nikamwambia. "Taja bei."

"Nauza ng'ombe. Mahali wanapokunywa siuzi."

"Nitakujengea hori la saruji, kama la stesheni."

"Saruji inapasuka. Hiki hakijavuja tangu nikiwa mtoto."

Nusura nimkumbatie kwa neno hilo. Nikaona bei haitapatikana, nikageuza. Nikasema nataka kukiazima asubuhi moja tu, maji yakijaa bwawani, nielee nacho. Uso wake ukakunjamana.

"Sikiliza, tajiri. Wewe ukishaelea utapanda gari moshi lako. Mvua ikigoma mwakani watamtafuta nani? Mimi. Watakuja hapa na fimbo, wewe uko Dodoma chini ya bati unahesabu ngozi."

Tulibishana mpaka jua likageuka. Kila nikiongeza rupia anatikisa kichwa. Mimi najua kubishana bei, hiyo ni kazi yangu, na nilijua huyu hatanii: anaogopa kweli. Ndipo shangazi, aliyekuwa ametufuata akiegemea mwiko wake mkubwa kama fimbo, akasema kama anayeongea na kuku:

"Mnapiga kelele bure. Kielee na maji ndani yake. Myamwage humo yafike kwenye vifundo vya miguu, huyu mwenye viatu akae humo humo. Mvua itakuwa imekaribishwa, na chombo kitakuwa kimeelea. Nani atakuwa amekataliwa?"

Mfugaji akatazama hori, akatazama mbingu. Kisha akataja masharti: ndama jike wa kwake, kondoo mweusi wa wazee, na pombe ya kutosha. Nikakubali bila kupunguza chochote, jambo ambalo, wanaonijua wataapa, halijawahi kutokea.

Nikarudi Dodoma kungoja. Nimewahi kungoja bei, nimewahi kungoja mzigo, lakini kungoja vile sikuwahi. Kila jioni nilikuwa nasimama nyuma ya duka natazama magharibi, wingu likijikusanya upande wa Bahi na kutawanyika, likijikusanya na kutawanyika. Mke wangu akaja siku moja akasimama kando yangu. "Unaangalia nini huko?" Nikasema, mawingu. Akasema, "Nimekuita mara ya pili sasa." Nikakumbuka maneno ya shangazi, nikaingia ndani.

Mvua zilikuja nzuri. Habari ikafika kwamba bwawa limeshiba, nikamtafuta mtani wangu kule kwenye mabehewa.

"Jiandae. Unakwenda Bahi, nauli yangu. Umewahi kuvusha watu ziwani, unajua kutumia upondo."

"Naenda kuona Nahodha wa Vumbi akizama? Hata ungenitoza nauli ningekwenda."

Shangazi alikuwa ameshatayarisha kila kitu. Kigingi kipya cha tundu kilichongwa, na mafuta ya mkia wa kondoo alikuwa ameyayeyusha mwenyewe na kuchanganya na majivu. Hakutaka mtu mwingine apake. Alipiga magoti kwenye tope, yule bibi, akawa anasindilia pamba kwa kidole gumba na kupaka juu yake. Harufu ilipopanda akasimamisha mkono. "Hii ndiyo harufu ya baba yangu," akasema, si kwangu wala kwa mtu yeyote. Nikasogea nikainusa. Mafuta ya kondoo yaliyoungua kidogo na majivu. Nilivuta tena na tena, kama mtu anayetaka kujaza gunia. Baba yangu marehemu naye lazima aliijua harufu hiyo, na hakuwahi kuniambia, labda kwa sababu harufu haielezeki kwa mbegu ya boga.

Vijana wakakikokota kwa magogo mpaka ukingoni. Kijiji chote kilikuwepo. Wazee walichinja kondoo wao, wakasema maneno yao. Mfugaji alikuwa anatazama juu kila mara kama mtu anayedaiwa na mbingu. Ng'ombe wake nao walikuja, wakasimama wanalia, maana hori lao linaondoka.

Wakakisukuma. Sehemu ya mbele ikaingia majini, ikazama. Ikazama zaidi. Nikasikia watu wanavuta pumzi. Mtani wangu akafungua kinywa, na najua alichotaka kusema. Halafu nyuma ikaachia tope, na chombo kikajiinua. Kiliinuka peke yake, kama mtu aliyeitwa jina lake, kikatulia.

Hakikulalia kulia wala kushoto.

Shangazi akaingia majini mpaka magotini na vibuyu vyake, akamwaga ndani maji, kimoja baada ya kingine, mpaka yakafika kipimo. Kisha akanigeukia. "Ingia, baba. Na hivyo viatu vyako."

Sikuwa nimewahi kupanda kitu kinachoelea. Sitaficha: nilishika mbao pande zote mbili kwa nguvu, na watu wakanicheka, na maji yakaingia viatuni, ya baridi. Mtani akaruka ndani na upondo, akatusukuma kwenda mbele katikati ya mayungiyungi. Tulipofika kwenye maji ya kina akaweka upondo chini, akachukua kibuyu chake cha pombe akakisimamisha kwenye ubao wa katikati. Halafu akaanza kutembea: akahamia upande huu, akahamia upande ule, akakanyaga kwa kishindo. Kibuyu kiliyumba kidogo, kikasimama. Akafanya tena. Kikasimama.

Akakaa. Akanywa. Akanipa.

"Mtani," akasema, "mtu huyu hakukisia. Alijua."

Ndivyo tu. Hakunitukana mpaka tulipofika nchi kavu.

Nilitazama magharibi. Bwawa lile lina mwisho, baada yake ni mbuga, na baada ya mbuga ni reli, na reli inakwenda kwenye lile ziwa walikokwenda wenzake wakamwacha. Meli ya Wadachi ilipita hapo vipandevipande, na watu maelfu watapanda humo wasijue aliyeibuni. Cha babu kilikwenda mpaka kwenye matete na kurudi. Nilidhani nikishajua, moyo utatulia, kama unavyotulia hesabu ikikaa sawa. Haukutulia. Zamani nilikuwa na hamu ya mtu nisiyemjua. Sasa nimekaa ndani ya mawazo yake, miguu yangu imelowa, naona jinsi alivyopiga hesabu ya uzito wa watu ambao hawakuja kupanda, na hamu imepata sura. Nilitaka kumwambia maneno mawili tu. Nilimwambia shangazi badala yake, tulipofika ukingoni. Nilimwambia kimesimama sawa. Akasema, "Nimeona," akaanza kupangusa mikono yake kwenye kanga, na akaipangusa muda mrefu.

Kabla jua halijawaka sana, chombo kilikuwa kimerudi kisimani na ng'ombe wamerudi kwenye chombo.

Mwaka uliofuata mvua ilichelewa. Yule mfugaji akaja Dodoma, akasimama mlangoni mwa duka langu na mkuki wake, hakuingia. Wazee wanauliza kama mvua ilikataliwa, akasema. Mimi, ambaye hata sindano sinunui bila kubishana, niliingia nyuma nikachukua pesa ya kondoo mwingine mweusi na ya pombe nyingine, nikamhesabia mkononi, nikamwuliza kama hori bado halivuji. Akasema halivuji. Mvua ikanyesha kabla mtama haujafa. Huko sokoni bado naitwa Nahodha wa Vumbi, ila sasa huwa naitika. Siku ile mfugaji alipoondoka nilikaa nikajumlisha yote, ndama, kondoo wote wawili, pombe, vijana wa kukokota, nauli yangu na ya mtani, pamba, na viatu vya Daresalama ambavyo havikukauka tena vikawa viatu. Ilinigharimu rupia tisini na tatu na hela arobaini.